Euphrasie Hafichwi

Wanaosema Euphrasie ni mkaidi, kwamba mdomo wake hauna mlango, waendelee kusema. Mimi naishi naye ukumbi mmoja, mlango kwa mlango, katika jengo la matofali nyuma ya University Avenue hapa Frogtown, na niliyoyaona nimeyaona. Shule niliishia ya msingi. Lakini macho hayaendi shule.

Kwetu Kivu tumelelewa kutouliza sana. Mkubwa akikuambia "tutaona," unainamisha kichwa, unasema aksanti, unarudi nyumbani kungoja. Tumekuja nayo tabia hiyo mpaka Amerika. Januari moja joto la jengo lilizimika, meneja akasema fundi anakuja wiki ijayo, na sisi tukavaa makoti ndani tukawalaza watoto na kofia. Euphrasie akavaa koti lake naye, lakini akatoka nje. Alirudi jioni amejua fundi yuko wapi, amejua sheria inasema nini kuhusu mpangaji anayelala kwenye baridi, amejua hata jina la bosi wa meneja. Kesho yake tukapata joto. Watu wa kanisa lake wakamwita Mama Enquête, yaani mama wa uchunguzi, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu.

Tulisoma Kiingereza pamoja kwenye chumba cha chini cha kanisa moja, mwalimu wetu akiwa mama mzee aitwaye Velma. Siku moja Velma aliandika ubaoni maneno mawili, find out, akasema hayo hutembea pamoja. Alitueleza taratibu, kwa mikono na kwa uso. Ufunguo uliopotea, ukiuona chini ya kiti, umeupata tu, umeuokota. Lakini jambo, habari, ukweli uliokuwa umefunikwa, ukiuliza mpaka ukaujua, au ukakuangukia tu siku moja bila kuuliza, hapo ndipo maneno hayo mawili. Na mtu anayefanya ubaya kwa siri naye yanamhusu, siku anapojulikana.

Halafu akataka kila mmoja atoe sentensi. Niyibizi, mzee mmoja mcheshi anayeimba besi kwenye korali ya kina Euphrasie, akasimama akasema ameigundua soksi yake chini ya kitanda. Velma akatikisa kichwa.

"Soksi haina siri, Niyibizi," akasema.

Tulicheka mpaka machozi. Zamu ya Euphrasie ilipofika, alisimama akasema kwa Kiingereza chake cha kuvunjika: nilipokuwa na miaka tisa niligundua baba yangu amekufa, wengine wote walikuwa wanajua. Velma hakumsahihisha. Alimwambia aksanti, akafuta ubao, tukaenda kunywa chai.

Baadaye Euphrasie alinisimulia yote. Walikimbia vita akiwa amebebwa mgongoni, wakafika kambi ya Nyarugusu upande wa Tanzania. Baba yake alirudi kuchukua mbuzi waliobaki. Mama yake, Nabintu, akawaambia watoto kwamba baba ameenda Zambia kutafuta kazi. Euphrasie akawa anamwekea baba yake mambo. Akifaulu mtihani, anasema baba akirudi nitamwonyesha. Siku moja kwenye bomba la maji waligombania foleni na msichana mwingine, na yule msichana akamwambia hivi: wewe jifanye mkubwa, na baba yako amekufa hata kaburi hana. Wanawake wote waliokuwa na ndoo pale wakaangalia chini. Hapo akajua ni kweli, na akajua pia kwamba kambi nzima ilikuwa inajua. Alipomuuliza mama yake, Nabintu alimjibu kwamba alitaka tu ale na alale.

"Nililala," Euphrasie aliniambia. "Na wao wakawa wananiangalia nikilala."

Sasa nisimulie ya mwaka huu.

Mwezi wa sita Euphrasie alijifungua mtoto wa kiume, wa tatu kwake. Alitoka hospitali Jumanne. Alikuwa mchovu lakini mwenye furaha, anangoja Jumapili amwonyeshe mama yake mtoto kwenye simu, maana Nabintu alibaki kambini pamoja na mdogo wake Euphrasie, Vestine, na kila Jumapili walikuwa wanaongea. Jumatano Nabintu akafariki.

Sisi tuna desturi, na siidharau. Mwanamke aliyejifungua juzi haambiwi kifo. Wazee wanasema mwili wake uko wazi kama nyumba isiyo na mlango, huzuni ikiingia haitoki, maziwa yanakuwa machungu, wengine hata akili inahama. Wanangoja arobaini yake iishe, ndipo wanakuja wakubwa wa kanisa, wanakaa naye, wanaomba, wanamwambia. Hivyo mume wa Euphrasie, Bahizire, mtu mpole anayefanya kazi kwenye depo moja ya mizigo kule Roseville, alipopigiwa simu ya msiba kazini, hakurudi nyumbani kwanza. Alikwenda Oakdale kwa Mchungaji Bagalwa wa kanisa lao. Na pale Oakdale, nyumbani kwa mchungaji, ndipo walipoweka kilio. Viti vikapangwa gereji, wanawake wakatandika magodoro sebuleni, watu wakaja toka pande zote kulia. Walimlilia mama wa Euphrasie bila Euphrasie. Halafu wakanawa uso, wakapanda magari, wakaja Frogtown kumpongeza kwa mtoto.

Mimi sikujua. Kanisa langu ni lingine. Niliona tu mambo hayakai vizuri.

Niliona Bahizire hajaenda kazini. Alichukua simu ya mkewe, ati kioo kina ufa, anaipeleka kwa fundi, na simu haikurudi. Wale watoto wawili wakubwa walichukuliwa kwenda kukaa kwa mchungaji, ati mama apumzike. Wanawake wa korali walikuja siku ya kazi, wakamfulia, wakamwoshea vyombo, na hakuna aliyeimba. Korali isiyoimba, wewe. Wageni wa mtoto mchanga huwa wanacheka, wanauliza jina, wanabishana pua ni ya nani. Hawa walimshika Euphrasie mkono kwa mikono miwili, wakaushikilia, wakamwambia courage, yaani jipe moyo.

"Courage ya nini?" aliniuliza Alhamisi. "Mtoto ametoka vizuri, mi nimetoka vizuri. Courage ya nini?"

Nikamwambia labda wanaogopa uchovu.

Ijumaa mchana nilikuwa kwake namkanda mgongo kwa maji ya moto. Mke wa mchungaji, tunayemwita Mama Pasteri, akaingia na mwanamke mmoja wa korali, wamebeba chakula kwenye mabakuli yaliyofunikwa karatasi ya fedha: wali, maharagwe, kabichi na nyama. Wakampakulia. Euphrasie akanawa, akala tonge moja, akala la pili. La tatu alilishika mkononi hakulitia kinywani.

Akauliza maharagwe yamepikwa wapi. Mama Pasteri akasema nyumbani kwake. Akauliza nani amepika. Mama Pasteri akasema ni yeye mwenyewe.

"Mama, wewe nakujua mkono wako," Euphrasie akasema. "Wewe unatia mawese na kitunguu mpaka jirani anapiga chafya. Haya yametoka kwenye sufuria kubwa. Chini yaliungua, mtu akakoroga na mwiko mrefu. Kabichi hii imekatwa na watu wengi wenye haraka. Chakula cha furaha kina harufu. Hiki kina chumvi tu."

Mimi mwenyewe nililiangalia lile bakuli, nikaona ni kweli, hivyo ndivyo wanavyopika palipo na watu wengi wasiojali wanakula nini.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mama Pasteri akasema, ah, kula kwanza mwanangu, maziwa yanataka chakula.

"Ni mtu wa kwa Niyibizi?"

"Hapana," wote wawili wakasema pamoja, mbio mbio.

"Ni yule mtoto wa kanisani aliyelazwa?"

"Hapana, hapana, yule amepona kabisa."

"Ni dada yangu Vestine?"

"Hapana."

"Ni mama yangu?"

Yule wa korali akaanza kufunika bakuli. Mama Pasteri akafungua mdomo na neno hapana halikutoka. Lilikuwa limetoka upesi mara zote zile, na sasa halikutoka.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alilirudisha lile tonge kwenye sahani, akainuka polepole na kile kidonda cha uzazi, akanawa mikono kwa sabuni muda mrefu. Akarudi akamchukua mtoto. Ndipo akasema.

"Mmenilisha kilio cha mama yangu. Mmekipika, mmekifunika, mmeniletea kwa gari."

Mama Pasteri akalia, akasema tulitaka kukulinda. Euphrasie akamwambia amwite Bahizire apande juu, maana alijua yuko hapo chini paking anazunguka gari. Kweli alikuwa hapo. Aliingia, akaona uso wa mkewe, akapiga magoti sakafuni bila kuambiwa. Akasema, "Mi niliogopa, mama. Niliogopa kukupoteza na wewe." Akatoa simu ya Euphrasie mfukoni. Kioo kilikuwa kizima.

Euphrasie aliichukua, akampigia Vestine. Waliongea muda, na zaidi alikuwa anauliza. Ilianza lini, mguu au kifua, nani alikuwa karibu, alisema nini. Vestine akamweleza kwamba ule mguu wa mama ulikuwa umevimba tangu Pasaka, na mama aliwakataza wote wasimwambie Euphrasie kwa sababu ana mimba. Kila Jumapili alikuwa anavaa kitenge kirefu na kukaa vizuri mbele ya simu, anasema mguu umepona. Mwili uko mochari Kasulu. Mazishi ni kesho, saa nane mchana ya kule.

Kesho. Alikata simu akakaa na lile neno.

Mchungaji Bagalwa alifika na wazee wawili. Ni mtu mzuri, Mchungaji Bagalwa, ametuzikia wengi na kuwaombea wengi, hata sisi tusio wa kanisa lake. Aliketi, akaomba, akaanza kwa sauti ya chini kumweleza Euphrasie kwamba uamuzi ulikuwa wa wazee wote na si wa mtu mmoja. Sasa kwa kuwa amejua, basi, lakini mazishi ayaache, asiyaangalie, akae ndani na mtoto. Atapelekewa picha baada ya arobaini.

"Binti yangu," akasema, "kuna wakati wa kujua na wakati wa kutojua."

"Na saa yangu nani alikuvalisha wewe mkononi, Papa Pasteri?"

Mzee mmoja akaguna. Mchungaji akasema si vizuri kubishana mbele ya mtoto mchanga. Mama Pasteri akaongeza kwamba maziwa yatakuwa machungu, mtoto ataharisha.

"Mama yangu amekufa Jumatano," Euphrasie akasema. "Tangu Jumatano mtoto huyu ananyonya. Amenyonya uongo wenu siku zote hizi na hajaharisha. Acheni na ukweli auonje."

Kisha akauliza swali ambalo nadhani wote walikuwa wanaliogopa. Kwetu, mtu akizikwa, mtoto wa kwanza ndiye anayesema neno la mwisho kabla udongo haujaingia. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Kesho nani anasema?

Wazee wakamtazama Bahizire. Bahizire akasema, macho yakiwa chini, kwamba ni Elkanah, binamu yake Euphrasie aliyebaki kambini, ndiye atasimama. Atasema dada Euphrasie anawasalimu wote, amelazwa hospitali, hawezi kushika simu, amemtuma.

"Sikumtuma."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mama yangu atashuka chini, na neno la mwisho analosikia ni uongo, na uongo wenyewe ni kwa kinywa changu."

Mchungaji Bagalwa alisema tu kwamba kilio kipo Oakdale, watu ni wengi, nyumba hii ni ndogo, hakiwezi kuhamishwa usiku mmoja.

"Kikae huko huko," Euphrasie akasema. "Mimi nitakifuata."

Akaniomba nimpangie begi la mtoto. Mzee yule aliyeguna akasema mwanamke wa damu mbichi havuki kizingiti kwenda msibani, haijawahi kuonekana. Euphrasie akamwambia basi aje mlangoni aone. Akamfunga mtoto kwenye kile kiti chake cha gari, Bahizire akakibeba, na sisi wanawake tukashuka ngazi nyuma yake, hatua moja moja, kwa sababu alikuwa bado anaumwa na hakutaka kushikwa. Wazee wakafuata. Wangefanya nini?

Njiani Bahizire aliendesha kama mtu aliyebeba mayai.

Mama Pasteri alikuwa ametangulia kupiga simu, kwa hiyo tulipoingia ile sebule watu walikuwa wameacha kulia, wamesimama, hawajui wavae uso gani. Wengine walikuwa wamefuta machozi haraka, wengine wanajaribu kutabasamu kwa ajili ya mtoto. Kulikuwa na vitenge viunoni, mabakuli mapya kwenye zulia. Watoto wake wawili walikuwa pembeni na vinywa wazi. Euphrasie aliwatazama wote, mmoja mmoja, watu aliowajua tangu kambini.

"Endeleeni," akasema. "Mlianza bila mimi."

Akavua viatu, akaenda kwenye godoro la katikati, lile la mwenye msiba ambalo lilikuwa tupu siku zote hizo, akakaa. Na alipokaa ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ile inayotoka tumboni, na sebule nzima ikaanguka naye, na nadhani kilio cha kweli cha Nabintu kilianza hapo, kile cha kwanza kilikuwa mazoezi. Mtoto aliamka akalia naye. Wanawake watatu wakanyoosha mikono kumchukua. Hakumtoa. Alimpa titi, akaendelea kulia.

Baadaye bibi mmoja wa kanisa, mkali, alikuja akakaa karibu naye akamwambia amewaaibisha wazee, na wao walifanya kwa upendo.

"Upendo wenu naujua, nyanya," akamjibu. "Mkinipenda tena, nipigieni simu."

Bibi yule alimtazama, halafu akacheka katikati ya machozi, akamfunika miguu na kitenge chake.

Tulilala hapo hapo. Asubuhi, jua la huku ndiyo kwanza linachomoza na la kule limekwisha pinda, vijana waliunganisha simu na televisheni ya mchungaji, na ukutani ikatokea Nyarugusu. Udongo mwekundu, migomba, watu wengi kuliko nilivyotegemea. Vestine ndiye aliyeshika simu upande ule, tulisikia anavyohema. Sanduku lilikuwa tayari juu ya kamba. Mchungaji wa kule akasema sasa tumsikie mtoto wa kwanza.

Sijui ujumbe kwamba Euphrasie atasema mwenyewe ulipotelea wapi. Vestine alikuwa ameambiwa, lakini Elkanah hakuambiwa, au aliambiwa akaona aibu kukaa. Alijitokeza na koti lake kubwa, akakohoa, akaanza kusema kwamba dada yetu Euphrasie anawasalimu sana, yuko kitandani hospitali huko Amerika, hawezi hata kushika simu.

"Elkanah," Euphrasie akasema. "Kaa chini. Niko hapa."

Sauti ilitoka kwenye simu ya Vestine, na wote makaburini wakageuka. Tuliona watu wanatafuta inatoka wapi. Elkanah akarudi nyuma hatua moja akakanyaga mguu wa mtu. Mahali fulani kule mwanamke akasema, ni yeye, ni Euphrasie mwenyewe. Vestine akainua simu juu ya kichwa ili wote wasikie.

Euphrasie alisogea mpaka ukingo wa godoro. Alikuwa hajachana nywele. Mtoto amelala mkononi.

"Mama, ni mimi, mtoto wako wa kwanza. Siko hospitali. Niko Oakdale kwa Papa Pasteri, nimekaa chini, watu wako wananishika. Nimeshika mjukuu wako. Ana masikio yako, wote hapa wanaogopa kuniambia lakini nimeona. Umetulea kwenye hema, umetulisha, hukutuacha, na hapo sina neno. Lakini uliniambia mguu umepona. Haukupona, mama. Kila Jumapili uliniambia umepona. Hilo tutagombana siku nyingine."

Kule watu wengine walicheka, kile kicheko kinachotoka na kamasi. Nyuma yangu nilimsikia Mchungaji Bagalwa akivuta pumzi.

"Vestine, teremsha simu. Nataka kuona ndani."

Bahizire akasema taratibu, mama, acha hilo. Euphrasie hakumgeukia. Vestine akasogea mpaka kwenye ukingo, picha ikatikisika, tukaona viatu, kamba, sanduku likishuka, shada moja la maua ya bustani, na lile shimo jekundu limekatwa vizuri pembe nne. Sanduku likafika chini. Wanaume wakatoa kamba, wakachukua makoleo, wakasimama. Walikuwa wanangoja mtu awaambie.

Euphrasie aliangalia mpaka akatosheka.

"Sasa fukieni," akasema.